Gari Uliyopewa Mbele Yangu

Mke mwenzangu Salama,

Hapa Kikwajuni watu wakisikia nakulilia wananishangaa. Wanajua tulikuwa wake wenza, basi wanadhani tulichukiana mpaka mwisho.

Tulichukiana, ni kweli, mpaka bwana wetu alipopooza. Mkono wake wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito, na ile gari yake kuukuu ya dizeli, aliyokuwa akisambazia mikate ya boflo kutoka tanuri la Mtoni, ikalala uani wiki nzima. Siku ya nane ukaja kwangu mara tu baada ya swala ya alfajiri. "Shikamoo, dada. Njoo ukae pembeni yangu. Tukikaa kitako tutakufa njaa." Wewe alikufundisha kuendesha, mimi hakunifundisha, na hilo lilikuwa likinichoma siku zote. Lakini nilipanda.

Kilikuwa kipupwe, na injini ile ilikuwa imechoka. Ukizungusha ufunguo moja kwa moja ilikohoa tu mpaka betri ikaisha. Ilibidi kwanza ubonyeze kile kitufe cheusi chini ya usukani, ukishikilie, ili plagi za hita zilizomo ndani ya injini zipate moto. Mbele yetu palikuwa na kitundu chenye kijiwaya kilichojikunja, nacho ndicho kilichotuonesha: kikiwa chekundu, tayari.

"Hesabu, dada," ukanambia. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikataka uwashe. "Bado. Leo baridi." Nikafika thelathini. Ukaachia kitufe, ukazungusha ufunguo, gari ikatikisika, moshi mweupe ukajaa uani, kuku wakatawanyika, kisha injini ikashika. Ukapiga usukani kwa furaha na mimi nikacheka. Mwaka wa sita tulikuwa wake wenza, na hatukuwahi kucheka pamoja.

Tangu hapo kila asubuhi tulikuwa wawili. Maduka ya Mji Mkongwe yakatuzoea, wewe ukiegesha pale njia zinapokuwa nyembamba, mimi nikishuka na kapu. Unakumbuka siku plagi moja ilipokufa? Ulifungua waya za plagi zote moja moja, ukaigusisha kila plagi na waya wa betri, ukanifundisha kwamba nzima hutoa cheche na mbovu hukaa kimya. Mikono yako ilijaa masizi, ukanipaka puani. Watu wakatuangalia Darajani kutwa nzima na hukunambia kwa nini.

Asubuhi moja tuliporudi, bwana alituita sote wawili kitandani. Alichukua ufunguo kwa mkono wa kushoto, akautia kiganjani mwako. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalitoka. "Gari hii nshakupa, Salama. Ni yako. Mama Hamid, wewe shahidi." Nikasema, "Naam, bwana." Na sikuwa na kinyongo siku ile, Mungu anajua.

Akafariki. Tukakaa eda pamoja chumba kimoja, miezi minne na siku kumi, ukinisuka nywele. Eda ilipokwisha mwanangu Hamid akaja kutoka Dar na ami zake kugawa mirathi. Ukasema kwa upole kwamba gari si ya mirathi, alikupa marehemu mwenyewe akiwa hai. Hamid akanigeukia. "Mama, ulisikia?"

Ukaniangalia, Salama. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Ulikuwa umeshaanza kutabasamu.

Nikasema, "Sikumbuki."

Niliogopa kuzeeka bila mwanangu. Na kile kijiba cha roho, kwamba alikufundisha wewe, nacho kilikuwepo. Sikujua kama bado kipo mpaka kilipopata mdomo. Hukubisha. Uliweka ufunguo juu ya mkeka, ukafunga nguo zako, ukaniaga kwa heshima, ukaenda kwenu Tumbatu.

Hamid hakuweza kuiwasha. Nikamwambia, "Bonyeza kwanza, uhesabu." Akanijibu, "Mama, wewe unajua nini gari?" Alinunua dawa ya kuwashia injini, ile ya kupuliza kwenye njia ya hewa, akapuliza huku rafiki yake kabonyeza kile kitufe, plagi zimeshaiva. Ufunguo ulipozungushwa, dawa ikalipuka kwenye plagi za moto kwa mshindo mmoja, pistoni ikavunjika. Wiki iliyofuata akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, akarudi Dar. Hapigi simu ila sikukuu.

Nilimwendea shekhe. Akanambia haki ya mja Mungu haisamehi mpaka mja mwenyewe asamehe, kwa hiyo nikuwahi. Nikapanda boti pale Mkokotoni. Nilipofika kwenu nilikuta watu wamekaa matanga. Homa ya siku tatu tu, walisema. Ulikuwa umezikwa juzi yake.

Kaka yako alinipokea, akanipa chai, akanifariji mimi. Akasema, "Alikuwa akikutaja sana. Tulipomuuliza habari ya gari alitukataza kukusema vibaya. Alisema dada yake wa mjini hana ubaya, alisahau tu, msiba ulimchanganya."

Uliniamini, Salama. Na kwa kuwa uliniamini, hukuona kosa, na kwa kuwa hukuona kosa, hukunisamehe. Nitaupata wapi sasa msamaha ambao wewe hukujua kama nauhitaji? Mbele ya kaka yako nilifungua mdomo nimwambie, nikanywa chai. Nikarudi na boti ya jioni.

Silali vizuri, sili vizuri, na sala zangu naziona haziendi popote. Sijui nikusalimu vipi huko uliko. Ninachoweza ni kuiacha barua hii wazi, kaka yako aisome, Hamid aisome, na kila aliyekuwepo siku ile: nilisikia. Nilikumbuka kila neno.

Mke mwenzio,
Mama Hamid