Buibui Aliyeachwa na Kipruto

Jumamosi. Mvua inanyesha tangu mchana hapa Eldoret, ile mvua ya kuharibia watu mahindi, na mimi nimekaa sakafuni jikoni kwa sababu chumbani siwezi kuingia.

Kule chumbani kuna buibui. Maisha yangu yote nimeogopa buibui, na si uoga wa kawaida, ni ule wa kukata pumzi. Leo naogopa kwamba amekufa.

Wacha nianzie mahali panapoeleweka.

Nikiwa mdogo, kwetu Moiben, buibui alinitembelea shingoni ndani ya stoo ya mahindi. Kaka yangu Kipruto alimtoa kwa mkono, akamweka nje, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hakuna stoo niliyoingia kabla yake. Hata nilipokuwa mwalimu mzima, naogopwa na darasa zima, bado nilikuwa nampigia simu avuke mji aje anitolee buibui bafuni. Na alikuwa anakuja. Anasimama mlangoni anauliza, "Mwalimu, ako wapi huyo mwanafunzi?"

Yeye aliwapenda buibui. Siku moja akichimba mashimo ya nguzo za ua huko Chepsaita, alipata tarantula, buibui mnene wa manyoya, karibu atoshe kiganja. Akamleta mjini, akamweka kwa kasha la plastiki lenye mchanga na kipande cha gome, akamwita Mzee. Nikaapa sitakanyaga nyumba yake tena.

Halafu Kipruto akagongwa na lori pale Cheptiret.

Baada ya mazishi watu wa nyumbani waligawana vitu vyake, vile hufanywa. Mjomba akachukua koti, binamu akachukua gambuti. Mimi nilikuwa nagawia wageni chai, kwa hivyo nilichelewa. Nilipofika, kilichobaki ni lile kasha, na shangazi alikuwa ameshachemsha maji ya kumwagia. Sijui mdomo wangu ulifunguliwa na nani. Nilisema, "Huyo ni wangu."

Mwanzoni nilimfunika kwa leso. Nilimlisha mende kwa koleo ya nyama choma, mkono umenyooka, uso nimegeuza kando. Nikisahihisha vitabu, nilihisi miguu inatembea shingoni. Nikigusa, hakuna kitu. Na mara nyingine, nitawaambia ukweli, nilisikia mtu akicheka kule chumbani, kicheko kilekile cha kukaa chini.

Polepole leso ikatoka. Nikaanza kuona vile anainua miguu, mmoja mmoja, kama mtu anayepita kwenye matope. Nikaanza kumsalimia nikitoka kazini. Siku moja niligundua kwamba siogopi tena, na nikasikia vibaya sana, maana sasa sikuwa na sababu ya kumpigia mtu simu.

Kulia sikuwa nimelia. Kwenye mazishi walisema mwalimu ako na roho ngumu. Mama naye hakulia. Tulikuwa tunaangaliana, halafu kila mmoja anarudi kwa sufuria yake.

Jana nilienda Moiben kumsaidia Mama kutia mahindi dawa kabla ya kufunga magunia, ile poda nyeupe ya kuua dumuzi. Ukiichanganya kwa beleshi inaingia kila mahali, hadi kwa nywele. Leo asubuhi nimerudi, na kwa vile Mzee amekataa chakula kwa muda mrefu, nilikimbia kwake kwanza. Nilikuwa bado nimevaa sweta ileile ya jana. Nikaliinamia kasha, nikambadilishia maji. Mchana nikafua sweta, na maji yakawa meupe kama maziwa. Nikakimbia chumbani. Hiyo dawa imetengenezwa kuua wadudu, na mimi nimempelekea hadi mlangoni.

Nilimkuta amelala chali, miguu juu.

Nikampigia Mama. Akasema, "Si hiyo ndiyo kazi ya dawa, Chebet," kisha akasema pole, kwa sauti ndogo. Nikafunika kasha, nikaja hapa jikoni, nikalia. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Na jina nililoita halikuwa Mzee.

Niliacha kuandika hapo, na nimetoka kuingia chumbani sasa hivi. Nilienda na koleo na gazeti, nimfunge nikamzike. Nilipomwinua, hakuwa na uzito wowote, kama ganda la njugu. Miguu yote iko, manyoya yako, lakini ndani ni hewa tu. Kisha nyuma ya gome kitu kipya, kimeloa, kikasogeza mguu.

Kumbe alikuwa anajivua gamba. Ndiyo maana alikataa kula. Nimesoma kwa simu: kulala chali ndivyo wanavyofanya. Kama dawa imemgusa, bado sijui. Nimenawa hadi viwiko na kumwekea maji mengine.

Ganda liko hapa mbele yangu. Naliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwenyewe. Ni yeye kamili, ila yeye hayupo. Kipruto alikuwa hivyohivyo kwenye sanduku, na nilimtazama nikaenda kuongeza majani ya chai.

Nilimpigia Mama tena kumwambia Mzee hakufa. Akauliza, "Na wewe ulilia?"

"Nililia, Mama."

"Ulikuwa unalilia nani?"

"Kipruto."

Nikasikia akiweka kitu chini. "Nilikuwa nakungoja," akasema. "Singeweza kuanza na wewe umesimama hivyo."

Ndipo akaanza. Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akilia. Simu iko sakafuni kando yangu ninapoandika haya. Hajakata, na mimi sikati.