Sahani ya Idi ya Nyumba Kubwa

Fordsburg, Johannesburg, 1995

Mwanangu Zuhura,

Lipo jambo nililokuficha tangu utoto wako, na afya yangu hainiruhusu kungoja tena.

Leo tukila biriani mgahawani, mfanyabiashara mmoja wa Unguja alisoma gazetini kwamba jimbo moja la Marekani ndiyo kwanza mwaka huu limekubali rasmi kufutwa kwa utumwa. "Eish, mzee wangu, walikuwa wamelala?" akaniuliza kwa mshangao wa watu wa huku. Wote wakacheka. Mimi nikalirudisha tonge sahanini.

Nawaombea heri na afya, wewe na wajukuu zangu. Idi ikifika, kuleni kwanza nyinyi. Ile sahani ya pilau unayoipeleka nyumba kubwa ya jirani zetu huko nyumbani kabla watoto hawajala, nilikwambia ni ujirani. Sivyo. Bibi yangu alikuwa mtumwa wao, na sahani ile ni ada aliyowatolea mabwana zake.

Baba yako