Ukumbi wa Akina Mama

Jumatatu, 5 Mei
Moi's Bridge tangu asubuhi. Ghala la mahindi la wakulima. Mvua ikaja, mimi na Hamisi tukakaa kwenye gari kutazama maji yanapita wapi. Hatuchori jengo lolote kabla ya kuona kiwanja kikinyeshewa. Ni sheria yake tangu tulipofungua ofisi Kitale, sisi wawili, chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Wateja hudhani tumelala kazini. Leo nilichoka kungoja. Yeye alitabasamu tu.

Alhamisi, 8 Mei
Simu kutoka Bungoma. Mfanyabiashara amenunua kiwanja chenye ukumbi wa akina mama. Anataka ghorofa tano za maduka, mbele vioo vitupu. Ukumbi utabomolewa. Anataka sisi tuchore, kwa kuwa kiwanja tunakijua.
Ukumbi ule ndio kazi yetu ya kwanza. Matofali ya udongo wa Myanga, baraza pana pande zote, madirisha ya juu ya kutoa joto. Mama yake Hamisi alikuwa mwenyekiti wa chama chao. Alituamini wakati hatukuwa na jengo hata moja la kuonyesha.
Sijamwambia Hamisi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimemwambia. Akasema, "Mwambie hapana."
Nikasema utabomolewa hata tukikataa. Atachora mtu mwingine, tena vibaya.
"Basi achore huyo mwingine."
Nilichosema ni kweli. Lakini sicho kinachonisukuma. Nataka ghorofa. Nimechoka na maghala na zahanati zisizoonekana kutoka barabarani. Nataka mtu apite Bungoma aulize lile jengo alichora nani.

Ijumaa, 16 Mei
Nimesaini. Peke yangu. Mkataba wetu wa ubia unaruhusu. Hamisi alikuwa Endebess akikagua paa la zahanati. Alirudi jioni, viatu vimejaa matope, akanitazama usoni, akajua kabla sijasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumanne, 20 Mei
Hamisi ameondoka. Alikunja michoro yake, akaaga kila mtu ofisini, mpaka mama wa chai. Kwangu akasema, "Nafula, kazi njema." Nikajibu, "Asante." Asante ya nini? Ningemwambia, "Kaa." Neno moja tu. Halikutoka.

Jumamosi, 14 Juni
Bungoma. Wamebomoa. Nilidhani tingatinga litamaliza mara moja. Kuta zilikataa. Dereva akashuka kupumzika, akaniambia, "Madam, hii kitu ilijengwa na watu walikuwa wanajua kazi, bana." Sikumwambia ni nani. Wanawake wa chama walisimama ng'ambo ya barabara. Mmoja alikuwa anajipangusa macho kwa leso. Walinijua. Hakuna aliyenisalimia.

Jumatatu, 23 Juni
Mwenye jengo anataka niondoe baraza kwenye mchoro ili apate nafasi ya maduka zaidi. Nimeondoa. Anataka vioo vya bluu. Nimekubali. Nachora haraka siku hizi, hakuna wa kunibishia. Kazi mbaya. Najua ni mbaya.

Jumapili, 29 Juni
Nilienda Bungoma, kwao Hamisi, nyuma ya msikiti. Mama yake alinikaribisha kama zamani. Hakutaja ukumbi. Nikamwomba radhi yeye kwanza, kisha Hamisi. Nikamwomba Hamisi arudi.
"Nimeshakusamehe," akasema. "Lakini sirudi. Siku hizi nalala vizuri, Nafula."
Hakuwa na hasira.
Mama akaweka pilau mezani. "Kula, mwanangu. Kitale ni mbali."
Tukala watatu. Tukazungumzia mvua na harusi ya mpwa wa Hamisi. Hamisi akanisindikiza mpaka kwenye gari, akangoja niligeuze, akarudi ndani.