Tangi la Futi Sita

Mdogo wangu,

Barua yako tumeipata, na vipimo vyote. Kidole changu kimepona; kioo hakikufika mfupani.

Kuhusu tangi la samaki wa baharini: wale wadogo wa rangi ya chungwa wangetosheka na lita mia. Lakini huyo wa bluu mwenye mkia wa njano, usidanganyike na udogo wake dukani. Atakua kupita kiganja chako, na ni mtembezi, kutwa yuko njiani. Ukimbana ataugua. Tena maji ya chumvi yakiwa machache huchafuka upesi. Kwa hiyo ni futi sita, si pungufu.

Chumba chako cha nyuma kinafaa: ukuta futi kumi, sakafu imara, na umeandika hakuna anayelala humo.

Mama hajambo, kikohozi tu. Bado analala hapa karakanani, kati ya vioo na gundi, tangu uliposema kwako hakuna nafasi. Nilipomsomea barua yako aliuliza, "Kumbe chumba kilipatikana?" Nikajifanya natafuta miwani.

Sasa nijibu upesi: nikate vioo, au nilete kitanda chake? Nacho ni futi sita.

Dada yako,
fundi vioo