Mguu wa Wifi

Jumapili, 8 Juni

Nimevunjika. Kifundo cha mguu wa kulia. Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mito miwili, plasta karibu ifike gotini. Daktari anasema mfupa mmoja umepasuka na kano zimechanika. Huenda nikapasuliwa, huenda nisipasuliwe — tusubiri uvimbe upungue. Tusubiri!

Niandike ilivyokuwa kabla watu hawajanichanganya. Mechi ya kikapu, robo ya tatu. Tunaongoza kwa pointi nne. Nimepokea mpira pembeni, nikaruka, nikarusha. Uliingia — niliusikia wavu. Wakati nashuka, kiatu changu hakikukuta sakafu. Kilikuta kiatu. Mguu ukapinduka, kitu kikakatika kama kijiti kikavu. Halafu yowe. Nimeambiwa baadaye kwamba lilikuwa langu.

Kiatu kilikuwa cha wifi.

Uwanjani wanamwita Kipanga, kwa jinsi anavyopokonya mipira. Nyumbani ni wifi, ingawa bado kidogo — harusi yake na kaka ni Agosti. Mwamuzi alipuliza faulo ya kawaida. Ya kawaida! Nahodha wetu almanusura amrukie. Alipiga kelele uwanja mzima ukasikia: amemwekea mguu, makusudi, mmeona wote!

Mimi sikuona. Nilikuwa natazama ringi.

Jumatatu, 9 Juni

Bosi amepiga simu. Pole, pole sana. Halafu: mguu upi? Wa kulia. "Sasa mwalimu, si ungevunja hata wa kushoto?" Nilicheka mpaka mguu ukauma. Ana haki lakini. Gari letu la mafunzo lina breki upande wangu pia, na mwalimu wa udereva asiye na mguu wa breki ni abiria tu. Wanafunzi wangu amewapa yule mwenzangu anayefoka. Maskini wao.

Jioni wifi amekuja na kaka. Kalia mpaka kamasi. Mama akamkumbatia, akamfuta kwa kanga yake, utadhani aliyevunjika ni yeye. Wifi akanishika mkono: nisamehe wifi, haki ya Mungu sikukuona.

Nikasema haya, yamepita, mchezo ndivyo ulivyo.

Wameondoka. Nimelala natazama dari. *Sikukuona?* Alikuwa ananikaba mimi. Mimi! Angemwona nani?

Jumatano, 11 Juni

Nahodha kaja na klipu. Shabiki mmoja aliirekodi akiwa nyuma ya goli, picha safi. Ameipunguza mwendo.

Wifi anakuja mbio, mikono juu. Mpaka hapo safi kabisa, hata mimi ningekuja hivyo. Mimi niko hewani. Halafu kichwa chake kinainama. Anatazama chini, sakafuni, pale pale nitakapotua. Halafu mguu wake wa kushoto unaingia.

Nahodha akasimamisha picha. "Alikuwa anatafuta nini chini? Sarafu?"

Kila siku nawaimbia wanafunzi: usilitazame shimo, utaingia. Mikono na miguu hufuata macho. Basi ukifuata somo langu mwenyewe, wifi amekwisha.

Lakini kuna yule mama mwanafunzi wangu, mwezi uliopita. Paka alikatiza. Mama akakanyaga mafuta badala ya breki, ikabidi nikanyage breki yangu kwa nguvu zote tusipande ukuta wa watu. Aliapa alikanyaga breki. Na hakuwa anadanganya! Alikuwa anaamini. Mguu nao una ujinga wake, kichwa hakina habari.

Nimeitazama klipu mpaka simu ikapata moto. Nikiitazama kwa hasira, ni makusudi. Nikinywa maji nikarudia, ni bahati mbaya.

Nahodha ana maelezo yake tayari. Kambi ya timu ya taifa imebakiza nafasi moja ya mlinzi, na majina yaliyokuwa yanatajwa ni mawili: langu na la wifi. Ameshapeleka malalamiko. Kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi ijayo. Kipanga akipatikana na kosa, anafungiwa miaka miwili.

— Wewe utakuja useme ukweli tu.

— Ukweli upi?

Akanitazama kama nimeumia na kichwa. — Kwamba alikusudia!

Ijumaa, 13 Juni

Wifi kaitwa kambini.

Nimejua kwa kumsikia mama kwenye simu sebuleni. Hongera mwanangu, hongera sana, Mungu akutangulie. Akageuka, akaniona mlangoni na magongo yangu. Simu bado iko sikioni.

"Nimempongeza tu. Ni mkwe wangu."

Nimerudi kitandani, nikiruka kwa mguu mmoja kama kunguru. Sijala.

Jumapili, 15 Juni

Mama kaja kukaa nami chumbani, akichambua mchele, ungo magotini. Najua. Mama akija na kazi ya mikono ana jambo.

Kwanza hali ya hewa. Halafu jirani. Halafu: hiyo kamati yenu, lazima uende?

Lazima mama.

Akachambua. Akatupa kijiwe. "Sikuambii useme nini. Umeshakuwa mtu mzima. Ila kadi za harusi zimeshatoka. Na watoto watakaozaliwa pale watakuita wewe shangazi. Shangazi aliyemfungia mama yao, eh?"

Nikamuuliza: na mimi je, mama? Mguu huu ni wa nani?

Akaacha kuchambua. Macho yakamjaa. "Huo nimeuzaa mimi," akasema. "Usidhani siuoni."

Akatoka, ungo kauacha kitandani. Nimemalizia kuuchambua mwenyewe. Mawe mengi mno.

Jumanne, 17 Juni

Nitaandika polepole.

Kaka alipitia baada ya kazi. Kaniletea soda, kanitania: magongo yanakupendeza, sasa unatembea kama waziri. Huyu ndiye aliyenifundisha kurusha mpira, nikiwa mdogo, ringi ikiwa ndoo isiyo na kitako juu ya ukuta wa choo. Wiki nzima ndiye anayenibeba kunipeleka hospitali. Nikajua anazunguka mbuyu, nikamwacha azunguke.

Akafika. "Mdogo wangu, wewe unamjua. Hana roho hiyo. Hata kocha wao alipowaambia, yeye alicheka tu."

— Alipowaambia nini?

Aliona neno limeshatoka, likienda, halirudi.

— Kaka. Kocha wao aliwaambia nini?

Basi. Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, kwenye mazoezi, kocha wao alisema mbele ya timu nzima: yule Mwalimu asimalize mechi. Mwalimu ni mimi, uwanjani ndilo jina langu. Wifi akampigia kaka jioni ile, akamhadithia. Kama mzaha.

— Na wewe ukafanyaje?

— Nilicheka. Ni maneno ya makocha! Kila kocha anasema hivyo. Mtu haanzi kudhani...

— Jumapili ulikuwa jukwaani.

— Nilikuwepo.

— Ulinitazama nikiingia uwanjani, huku unalijua hilo.

Soda ikabaki pale, povu limekwisha. Alipopata sauti aliniomba kitu kimoja: hilo lisifike kwenye kamati. Likifika, ataitwa yeye. Atasimama mbele ya watu kumtolea ushahidi mke wake mtarajiwa. "Nitasemaje mimi? Nikikana nimekuuza wewe. Nikikubali nimemuuza yeye."

Nilimwambia aende nyumbani. Kaenda. Kwenye ngazi nilimsikia amesimama, muda mrefu, halafu hatua zikaendelea.

Wifi simjui. Yaani nimeanza kumjua juzijuzi tu. Lakini huyu kaka nimelala naye kitanda kimoja utotoni! Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sikujua kwamba kinachouma zaidi ni ile nguo.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwita wifi mwenyewe. Njoo peke yako. Kaja na nguo za mazoezi, kambi imeshaanza. Mama alimpokea, akatutazama mmoja mmoja, akaenda uani kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Sikuzunguka.

— Klipu nimeiona. Ulitazama chini. Ulikuwa unatafuta nini?

Safari hii hakulia. Alikaa kwenye kistuli, mikono katikati ya magoti.

— Miguu yako.

— Ya nini?

— Nijue unatua wapi.

— Ili uikwepe?

Nje mama alikuwa anapiga kofi shuka, pa, pa.

— Hivyo ndivyo ninavyojiambia, akasema.

Nikamwambia: la kocha wenu nalijua pia. Akashtuka, akaangalia mlango, akajua limetoka wapi. Hakukana. Nilitaka akane! Ningepata cha kumtupia.

Akasema, na naandika kadiri ninavyokumbuka: Wifi, kila nikijiuliza napata jibu jipya. Kocha alisema, nikasikia, nikacheka na wenzangu. Lakini neno likishaingia sikioni halikuombi ruhusa, linakaa. Wewe umeruka. Najua ukifunga ile tumekwisha. Nimekuja na hasira, na kambi iko kichwani, sitakuficha. Nilitaka usifunge. Hayo mengine, uulizwe mguu.

— Kamati haiulizi miguu.

— Basi itakuuliza wewe.

Hakuniomba lolote. Hakutaja harusi wala kambi. Afadhali angeomba, ningemfukuza. Alipoondoka alinisogezea glasi ya maji mahali ninapoifikia. Nikamwonea huruma. Halafu nikajichukia kwa huruma hiyo — mguu wangu unapwita, nani ananionea mimi?

Daktari kathibitisha leo asubuhi: nitapasuliwa Jumatatu. Kurudi uwanjani, tutaona. Kuendesha gari ndiyo. "Kuruka," kasema, na akaanza kupanga makaratasi yake yaliyokuwa yamepangika.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika chooni. Nimekaa juu ya kifuniko, magongo nimeyaegemeza ukutani. Nimewaomba mapumziko. Kuna mmoja wao alicheka.

Kamati: watu watano, meza ndefu, chupa za maji, feni inayolia ng'we ng'we. Mwenyekiti ni mzee wa taratibu, miwani puani, anamwita kila mtu "mwanamichezo". Klipu ilionyeshwa ukutani, mguu wangu mkubwa kama mlango, ukipinduka. Mama alifumba macho. Mimi sikufumba.

Nahodha alisema yake, kwa moto, pamoja na uvumi aliousikia kwamba kocha wao ndiye aliyemtuma. Kocha wao akasema timu yake inacheza kwa heshima, tangu lini yeye akatuma watu kuumiza wenzao? Bila kupepesa! Kaka alikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Shati lilimlowa mgongoni.

Halafu wifi akasimama. Mwenyekiti akamuuliza: ulikusudia?

"Hapana. Sikukusudia hata kidogo."

Hata kidogo! Sauti imenyooka, macho mezani. Jana "uulizwe mguu", leo hata kidogo. Najua wamemfundisha, kocha alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Na mimi pia ningefundishwa ningesema hivyo. Sijui. Labda leo ndiyo kweli na jana ndiyo huruma. Labda jana alinipa ukweli kwa sababu mimi si kamati.

Kisha zamu yangu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwanamichezo, wewe unamfahamu huyu kuliko sisi wote. Unaamini alikusudia? Na la pili: kuna mtu humu ndani unayejua alisikia maneno yoyote kabla ya mechi?"

Feni, ng'we ng'we. Sikugeuka nyuma. Sikuhitaji. Nilisikia kiti cha kaka kikilia.

Nikasema naomba kwenda msalani.

Korido walikuwa wametoka kuipiga deki, bado inang'aa. Gongo la kulia likateleza hatua ya pili tu. Kabla mtu hajainuka, wifi keshafika. Kanipa mkono. "Shika hapa wifi, pana maji."

Nikaitazama miguu yake kwanza. Iko wapi, inaelekea wapi. Halafu ndiyo nikashika mkono.

Na aliniona nikiitazama.

Tulitembea korido nzima, mkono wake umekuwa mgumu kama ubao, lakini hakuuondoa. Kanifungulia mlango. Kaufunga taratibu.

Sasa hivi yuko nje. Naviona viatu vyake chini ya mlango. Nawasikia na wengine: mama akimuuliza kaka kitu kwa sauti ya chini. Sauti ya mwenyekiti kutoka mlango wa ofisi: mwanamichezo yuko tayari?

Wifi kajibu yeye. "Mpeni muda."

Hatua zikaondoka. Halafu, karibu kabisa na ubao wa mlango, kwa sauti ambayo ni mimi tu ninayeweza kuisikia:

"Wifi. We sema tu."

Niseme nini, hakusema. Nimemuuliza kupitia mlango: niseme lile la jana? Viatu havijaondoka. Nimeshika gongo moja, la pili liko mbali, najinyoosha na kalamu iko mkononi bado. Nikilifikia tu, nafungua mlango, niende nikajibu.