Kafa Bi Mwatum, Tumeandikwa Sote Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza assalamu alaykum, sisi hapa Jambiani hatujambo, mume wangu Pandu hajambo ila mgongo, mama mkwe anakusalimu, Kurwa na Jaku wako skuli, na mwanangu Ilham ni hajambo ya mdomoni tu, maana yeye ndiye kalitia daftari la kikundi chetu cha mwani kwenye kompyuta, na kwetu kila mwanamke huandikwa chini ya aliyemfundisha kupanda, sasa Bi Mwatum kafundisha nusu ya kijiji, na hao wakafundisha wengine, alipofariki nikamwambia Ilham mwandike marehemu, akamwandika, kompyuta ikateremka kwa wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake, wote marehemu, watu thelathini na mmoja, na mimi nimo. Aliyekufa shamba lake hupewa mwengine, na mgao ni Jumamosi. Jana orodha imesomwa, Bi Salhiya kaja mlangoni, "Hodi, maiti mwenzangu! Nani katuua?" Nikamwambia ni mtandao. Nimeongopa. Ilham analia, "Mama nyamaza, wakijua watanitoa kazini, ntawafufua wote kwa mpigo." Nshachoka, mshauri, kusema siwezi, kunyamaza siwezi. Nijibu upesi, Jumamosi haiko mbali.

Mimi Riyama, mama Ilham.

Bi Riyama, pole kwa msiba na kwa uchovu. Lakini mtandao umeusingizia, na unajua. Kosa la mwanao ni la kazi. Lako ni la ulimi.

Nimemuuliza fundi wa programu hapa Mji Mkongwe. Ilham aliiamrisha programu ibadilishe jina la Bi Mwatum na kila jina lililofungwa nalo, ikatii, ngazi kwa ngazi, mpaka wa mwisho. Asithubutu kuwarudisha kwa njia hiyo hiyo! Programu haijui nani alizikwa zamani. Itawafufua na wafu wa kweli, na binti wa Bi Mwatum akikuta mama yake kaandikwa yu hai, mtamwambia nini? Achukue nakala ya daftari ya kabla ya msiba, alinganishe jina moja moja, kisha amwandike marehemu Bi Mwatum peke yake.

Wewe leo, kabla ya adhuhuri, nenda na Ilham kwa Bi Salhiya, mseme kweli. Kutoka hapo mwende kwa mwenyekiti, mgao usimame. Watamsema sana, mwache asemwe. Kikao kikikaa, usijifiche jikoni. Keti ubavuni mwake mpaka wamalize.