Msichana Aliyeuliza Treni ya Jeddah

Jumapili, 2 Machi 2014
Kaja msichana wa Kikenya na mfuko wa plastiki. Kandambili moja buluu, moja nyeupe. Ati, treni ya Jeddah saa ngapi? Nilicheka mpaka jino likauma! Reli hii yaenda Dammam tu. Kwa Jeddah ni basi, tena hilo mpaka ufike Riyadh mjini. Stesheni yetu ndogo, lakini bila mie geti halifunguki.
Jina lake Risper. Kasema, Babu usinicheke, nimetoroka, madam amenimwagia chai ya moto. Mkono umebabuka kweli. Anamtaka binamu yake, Rosebellah, yuko Sharafiya, hukohuko Jeddah. Simu yake imezima, nikaichomeka chaji kwenye kibanda changu. Ikawaka, ikalia papo hapo: BOSI. Nikapokea, nikamwambia msichana yuko kwangu, aje tuzungumze. Nani mwenye Kiarabu cha kumtuliza Msaudi kama mie? Tangu sitini na nne niko huku!
Kwetu Unguja mtu akikimbia nyumba, mzee humrudisha kwa maneno mbele ya kahawa. Hapo hagusiki tena, uso wa mzee uko katikati. Bosi akaja na boksi la tende. Tukanywa. Akashika ndevu zake, akaniapia: msichana hatapigwa. Tena akanielekeza kwake, nyuma ya bekari, karibu siku yoyote.
Risper hakutaka kuinuka. Akaniuliza, Babu, wewe ni wa kwetu ama wa kwao? Nikamwambia yalla, inuka mwanangu, nimeoza mabinti sita, najua ninalofanya. Kaenda. Simu kaisahau.

Jumatatu, 3 Machi
Nimempigia Kijakazi, mke wangu, nyumbani Ghulail, Jeddah. Nilitaraji sifa. Yeye kaniuliza: Baba Hamdan, msichana mwenyewe ulimuuliza?
Wanawake!

Jumatano, 5 Machi
Simu ya msichana imelia. Rosebellah. Nikamwambia kisa cha chai na mkono, na kwamba yuko salama, nimewasuluhisha. Alivyopiga kelele! Mzee, uliona huo mkono, halafu ukamwita bosi? Haya basi, nenda umwone. Si uko na mdomo?
Nikakata. Sikukosea mie.
Tende zile sijazila. Chungu wamezijaa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia bosi. Mafi Risper, hayupo, kasema. Halas, yamekwisha. Akakata. Nikapiga tena, hapokei.
Mkono ule nauona hata nikitia chai yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya sala nimekuja kwa bosi, nyuma ya bekari. Tende nimezirudisha. Madam kasema kupitia kipaza sauti cha kengele ya ukutani: mafi Risper, kaenda kwao. Uongo! Kandambili zipo kando ya mlango wa jikoni, moja buluu, moja nyeupe.
Nimekaa kizingitini. Bosi katoka, ati, Haji, nenda zako, wewe mtu mzima. Nikamwambia ulinishikia ndevu, nami siondoki. Kasema anaita polisi, na mkuu wangu wa stesheni atajua. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwa huyo mkuu. Waje. Ukaidi huu ulimponza msichana, leo umfae.
Naandika hapahapa, juani. Simu yake inalia mfukoni — Rosebellah. Nimemwambia ngoja kidogo.
Pazia la juu limesogea. Nimesimama. Kiarabu changu chote nimekiacha, nimepaza sauti kwa Kiswahili: Risper mwanangu, wataka nikae hapa au niende? Sema mwenyewe!
Pazia limetulia.
Nimekaa tena. Gari la polisi linakata kona —